Mvinyo wa Sikukuu na Kibuyu cha Mursik

Krismasi inapokaribia, mkulima wa majani chai wa Kericho au Bomet hukabiliwa na swali: wakwe watanyweshwa nini? Bonasi ya mwaka, ambayo aghalabu hulipwa mnamo Oktoba, imekwisha kupungua, na Januari yaja na karo yake. Hata hivyo, kijana arejeaye kutoka Nairobi hudai mvinyo, nyumba yao isije ikaonekana ya kishamba.

Dai hilo si la kubezwa. Mvinyo mkavu wenye uchachu hukata mafuta ya nyama ya mbuzi, na ule wa Naivasha au Dodoma hauna haja ya kuvuka bahari. Lakini kazi iyo hiyo hufanywa na mursik, maziwa ya Wakipsigis yanayochachishwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet. Penye ugali wa wimbi na sagaa, hayana mshindani. Isitoshe, hata mlokole asiyeonja kileo huyanywa.

Basi chupa moja na inunuliwe, mradi kibuyu kitangulie mezani. Anayekionea haya kibuyu cha mamaye mbele ya wageni hulipa ghali kuliko bei ya mvinyo.