Bastola ya Jumamosi, Houston

Wifi yangu alisubiri mpaka mdogo wangu ametoka kwenda zamu ya usiku ndipo akafunga mlango wa jikoni. Kichanga kilikuwa begani mwake, kina wiki tano. "Wifi, mwambie wewe," alisema. "Mimi ameshanisikia mpaka sauti yangu imekuwa kama feni, inazunguka tu." Nikadhani ni habari za pesa au za mwanamke. Kumbe ni bastola.

Nilikuwa Houston, Texas, mwezi Julai, nimekwenda kumsaidia mzazi. Wanakaa Alief, upande wa kusini magharibi wa jiji, mtaa wenye Wanigeria, Wavietinamu na watu wa kwetu wachache. Joto la huko si la mchezo, ukitoka nje saa nane mchana ni kama umefungua sufuria la ugali usoni. Mdogo wangu anafanya kazi kwenye ghala, na wenzake wa zamu walikuwa wamemzoesha kwenda nao Jumamosi kulenga shabaha. Hawaendi kuwinda wala kujilinda na mtu. Wanatoboa karatasi, wanacheka, wanakula mbavu za kuchoma, wanarudi. Sasa alitaka bastola yake mwenyewe, ya bei ndogo, aache kuazima. Na nyumbani kuna mtoto wa kiume wa miaka sita ambaye, kwa ushahidi wangu mwenyewe, alifungua sanduku langu la safari lenye namba za siri kabla sijamaliza chai ya kwanza.

Nilimwambia wifi sitamkataza mtu mzima jambo lililo halali kwenye nchi anayoishi, ila nitakwenda naye dukani nione. Hakufurahi. Alinipa sahani ya wali bila kusema neno.

Duka la silaha nililolitegemea kichwani lilikuwa na askari mlangoni na chuma dirishani. Hili lilikuwa katikati ya duka la matairi na saluni ya kucha. Ndani kuna baridi ya kiyoyozi, vioo virefu kama vya sonara, na bastola zimelazwa kwa safu, kila moja na bei yake kwenye kikaratasi. Mama mmoja alikuwa anachagua huku amesukuma kigari cha mtoto. Kwetu Tanzania bastola ni jambo la leseni na polisi, kwa sheria ya mwaka 2015, na watu wengi huimaliza dunia bila kuishika. Huko nilisimama kama mshamba sokoni.

Muuzaji, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimsikiliza mdogo wangu, kisha akanigeukia akaniuliza nimeingia Marekani kwa viza gani. Nikasema ya matembezi. Akaniomba kwa adabu niweke mikono yangu nje ya kaunta. Nawaambia wasomaji wenye safari, kwa sababu vijana wetu wanapenda picha: sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya kutembea, kusoma au kazi ya muda kuwa na silaha au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kama kuwa na leseni ya uwindaji. Ndugu yako akikupa bastola "upige mbili tatu tu", anaweza kukuingiza kwenye kesi ya jinai. Mdogo wangu ana kadi ya ukazi wa kudumu, yeye anaruhusiwa. Nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili mpaka tulipotoka.

Mdogo wangu alikuwa amekwenda na jibu lake tayari: bastola ya milimita 9, ya bei ya chini kuliko zote. Ndiyo wanayotumia polisi, ndiyo ya wenzake, na dukani zipo za dola 200 na ushee. Mzee hakumbishia. Alimuuliza tu kila Jumamosi anapiga risasi ngapi. Mia moja hivi. Basi mzee akachukua kalamu.

Siku hiyo risasi ya milimita 9 ya kufanyia mazoezi ilikuwa kama senti 26 za dola kwa moja. Ile ndogo, wanayoiita .22 Long Rifle, ilikuwa kama senti 8. Kwa risasi mia, hiyo ni dola 26 kwa dola 8. Jumamosi nne, 104 kwa 32. Tofauti ya dola 72 kwa mwezi, karibu laki mbili za kwetu, kila mwezi, kwa kutoboa karatasi. Kwa hiyo bastola mbili zenye bei moja kwenye kioo hazina bei moja nyumbani. Ni kama gari la mtumba, unalinunua mara moja, mafuta unanunua maisha.

Hiyo .22 ina historia ndefu. Ilianza mwaka 1887, na namba yake ni sehemu 22 za inchi iliyogawanywa mia, yaani kama milimita 5.6. Kichwa chake cha kawaida ni gramu 2 na nusu hivi, wakati cha milimita 9 ni gramu 7 na zaidi. Kichwa chepesi na baruti kidogo, basi hata mtikisiko mkononi ni mdogo na mlio ni mdogo. Mzee alisema hapo ndipo wanaoanza wanapokosea. Wananunua kubwa, mwili unajifunza kuuogopa mlio, na jicho linafumba kabla kidole hakijamaliza kazi. Mtu anapiga miaka miwili akidhani bastola ni mbovu.

Mdogo wangu alinong'ona kwa Kiswahili, "Dada, hii si ni ya watoto?" Mzee hakuelewa maneno lakini sura aliielewa, maana alijibu palepale kwamba kwenye Olimpiki bastola ya mita 25 ya wanawake inapigwa kwa risasi hizohizo. Na mimi naongeza: jina la udogo lisimdanganye mtu. Ikipigwa hewani bila kizuizi huweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikimkuta mtu inaua.

Kisha akaweka mbele yetu za aina mbili. Ya kwanza ni ya magazini, inayojisukumia risasi yenyewe, ya kampuni ya Ruger. Kampuni hiyo ilianza Connecticut mwaka 1949 kwa bastola ya .22 ya namna hiyo, ikauzwa dola 37 na nusu, na vizazi vyake vinatengenezwa hadi leo. Ina mtutu mrefu na kilengeo kinachorekebishwa. Ni tamu kulenga, mzee alisema, ila bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya pili, na bastola nyingi za .22 za namna hii huchagua chakula: risasi za aina hii zinapita vizuri, za aina ile zinakwama.

Ya pili ni ya silinda, kama za sinema za ng'ombe. Inaitwa Wrangler, ya Ruger hiyohiyo, ilitoka 2019. Inabeba risasi sita, unaziingiza moja moja kupitia kijimlango cha pembeni, na kila mara unavuta nyundo kwa kidole gumba kabla ya kupiga. Kilengeo chake hakisogei. Polepole kabisa. Haichagui aina ya risasi, kwa kuwa hakuna cha kukwama. Bei ilikuwa sawa na ile ya milimita 9 ya chini kabisa.

Nilimwona mdogo wangu anaitazama ile ya silinda kama mtu aliyepewa baiskeli ameomba pikipiki.

Mzee alifanya jambo ambalo wauzaji wengi hawafanyi. Alisema, "Usinunue leo." Nyuma ya duka palikuwa na ukumbi wa kulengea, akodi zote tatu, apige, halafu aamue.

Waliopita JKT wanajua renji ya uwanjani. Hii ni ya ndani, vyumba vyembamba vimepangwa kama vibanda vya simu vya zamani, na karatasi ya shabaha inakwenda na kurudi kwa mota. Mimi niliwekwa nyuma ya kioo kinene. Hata hapo nilivaa vifunika masikio. Mlio wa milimita 9 niliusikia kifuani kabla ya sikioni. Wa .22 ulikuwa kama mtu anavunja kuni kavu.

Karatasi ya kwanza, ya milimita 9, kwa umbali wa yadi saba, ilirudi na matundu yaliyotawanyika kama mchele uliomwagika, mengi yakiwa chini kushoto. Mwalimu wa zamu akamwonyesha kwa kidole: mkono unashuka kabla ya mlio. Karatasi ya .22 ya magazini ilirudi na matundu yamekusanyika kiasi cha kufunikwa na kisosi. Risasi moja iligoma. Mwalimu akamzuia asiifungue, akamtaka aendelee kuielekeza mbele na kuhesabu sekunde 30, maana baruti huweza kuchelewa kuwaka. Hizi ndogo zinagoma zaidi kwa sababu kiwashio chake kimepakwa kwenye ukingo wa kitako cha ganda, si katikati, na mahali pengine kinakuwa hafifu.

Ile ya silinda, aliyoidharau, ndiyo alikaa nayo muda mrefu. Sita, anasimama, anatoa maganda moja moja, anaingiza mengine, anavuta nyundo. Risasi hamsini zilimchukua karibu saa nzima. Kutoka nyuma ya kioo niliona mabega yake yameshuka, na nilikuwa sijamwona hivyo tangu nifike. Mtu anayebeba maboksi usiku kucha, analala mchana kichanga kinalia, ana bili za nyumba mbili, ya Houston na ya mama yetu Morogoro. Nikaelewa kilichokuwa kinampeleka kule. Bastola ilikuwa kisingizio tu.

Tulirudi jioni akiwa na furaha, akanyoosha mikono amchukue mtoto. Wifi akamzuia mlangoni. Yeye ni msaidizi wa wauguzi, na hapo alijua zaidi yetu sote. Kwa Kiswahili tunaita risasi kile kinachotoka mtutuni na tunaita risasi yale madini, na hapa majina hayo mawili yanakutana: vumbi la madini hayo hutoka kwenye kichwa na kwenye kiwashio, hukaa kwenye mikono, nywele na nguo, na hudhuru ubongo wa mtoto mchanga hata likiwa kidogo. Nguo zilikwenda kwenye mashine peke yake, viatu vikabaki nje, akaoga, ndipo akapewa mwanawe. Hakuna aliyekuwa amemwambia hilo miezi mitatu aliyokuwa akienda.

Usiku ule ndipo nilipozungumza naye. Sikumkataza. Nilimwuliza tu itakaa wapi. Akasema juu ya kabati, kwenye sanduku la viatu. Nikamwita mwanawe, nikamwomba anionyeshe alivyofungua sanduku langu. Mtoto akaonyesha, kwa fahari, sekunde chache tu. Baba yake alinyamaza muda mrefu.

Texas haimdai mtu leseni ya kununua bastola, lakini ni kosa kuacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuipata. Na sheria ya shirikisho inamtaka muuzaji ampe mnunuzi kifaa cha kuifungia. Hicho kifaa, kama nilivyokiona, ni waya wenye kufuli. Ni bora kuliko sanduku la viatu, lakini kwa mtoto yule nisingelala.

Kwa hiyo alianza kwa kununua sanduku la chuma la kufungwa kwa skrubu ukutani ndani ya kabati la nguo, na kopo jingine la chuma la risasi, likae chumba kingine na kufuli yake. Vyote viwili vilimla kama dola 120. Bastola yenyewe alirudi kuinunua wiki mbili baadaye, ile ya silinda. Alijaza fomu ndefu ya serikali: je, wewe ndiye mnunuzi wa kweli, umewahi kuhukumiwa, una hadhi gani ya uhamiaji. Kudanganya hapo ni jinai, na kumnunulia mtu mwingine kwa jina lako pia. Jina lake likapelekwa kukaguliwa na FBI. Majibu yalikuja tukiwa bado tumesimama pale, mimi na mkoba wangu.

Ukijumlisha kila kitu, sanduku, miwani, vifunika masikio, kodi ya mauzo, risasi za kwanza mia tano, bastola ya dola 200 na ushee ilifika karibu dola 450. Hizo ndizo hesabu ambazo hazimo kwenye kikaratasi cha kioo.

Wifi hajaipenda na sidhani ataipenda. Alitoa sharti moja: sanduku la chuma liwe la ufunguo, si la namba, na funguo zote mbili akae nazo yeye. Mdogo wangu alifungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga.

Jumamosi yangu ya mwisho nilikuwa nafunga mizigo chumbani nikamsikia amesimama mlango wa jikoni, amekwishavaa zile nguo zake kuukuu za kulengea. "Mama fulani," alisema, kwa ile sauti aliyokuwa akimwombea mama yetu hela ya daftari. Wifi alimaliza kwanza kumbadilisha mtoto nepi. Kisha akavua mkufu shingoni.