Meli Ziliondoka, Chandarua Kikabaki

Enzi za wazee wetu katika delta ya Rufiji, mvuvi wa kamba alihesabu siku kwa mwezi. Maji mafu alikaa nyumbani akishona nyavu; bamvua ikifika, mitumbwi ikashuka mtoni. Masika yakiwa mazuri kamba walijaa, na sababu tuliijua tangu utotoni: kamba huzaliwa baharini, akiwa mdogo huingia na maji kujaa, hukulia kwenye mikoko, kisha hurudi baharini kuzaa.

Kina mama nao walikuwa na uvuvi wao wa kutanda uduvi. Wawili walishika pembe za kanga kuukuu, maji kiunoni, miguu imezama topeni. Jioni ilikuwa zamu ya kung'oa vichwa vya kamba, na ule mwiba wa kichwani haukusamehe kidole. Waliochemshwa kwa chumvi walianikwa jamvini, wengine wakaingia kwenye mchuzi wa nazi. Mtoto wa mvuvi alikula kamba mpaka akamchoka.

Kisha zikaja meli za kukokota nyavu. Zilitafuta kamba, lakini nyavu zao zilizoa kila kitu, na samaki wadogo wakarudishwa majini wakiwa mizoga. Mvuvi mdogo aliyetega njiani mwao alikuta wavu wake umekatwa. Kamba walipopungua sana, serikali ikazisimamisha meli hizo mwaka 2007. Pwani tulishangilia.

Leo kuna tajiri wa barafu, mnunuzi wa kamba. Anakopesha wavu na mashine ya boti, halafu bei anapanga yeye. Kamba mkubwa anapita mlangoni kwa mvuvi kuelekea hoteli za mjini. Deni likibana, nani atapima tundu la wavu? Kijito kinazibwa kwa chandarua cha mbu, na kinachotoka humo ni vitoto vya kamba, vya kuanikwa na kuuzwa kwa kopo. Mikoko yenyewe inafyekwa kupisha mashamba ya mpunga.

Meli tulizilaumu kwa haki. Lakini kamba anayenaswa kijitoni hafiki baharini kuzaa, awe amenaswa na mgeni au mwenyeji. Vikundi vya wanakijiji vya kusimamia uvuvi (BMU) visiishie kumkamata kijana mwenye chandarua mkononi. Vianze na anayemdai.