Muziki wa Panki na Hukumu Yetu

Sisi tuliolelewa katika vina na mizani hatukuweza kuupenda upesi muziki wa panki wa Waingereza. Mtu aliyechapwa na mwalimu wake kwa kupunguza mizani moja katika mshororo, atasikiaje raha pale mwimbaji anapofoka badala ya kuimba, na magitaa yakakwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe? Binti yetu alipotuletea nyimbo hizo nyumbani tulimwamuru azizime. Akasema, "Baba, sikiliza kwanza, kisha uhukumu." Neno hilo la kuhukumu lilituchoma, na sababu yake tutaieleza.

Uingereza ya mwaka 1976 haikuwa ile tuliyosomeshwa vitabuni. Watu wasio na kazi walizidi milioni 1, na serikali ikaenda kukopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Muziki uliosifiwa wakati huo ulikuwa wa mafundi wakubwa wenye vyombo vya bei ghali. Kijana aliyemaliza shule na kukosa kazi alibaki kuwa mtazamaji tu. Katika hali hiyo ndipo lilipotokea kundi la Sex Pistols, lililopanda jukwaani mara ya kwanza Novemba 1975 katika chuo kimoja cha sanaa jijini London. Msimamizi wao, Malcolm McLaren, alikuwa na duka la nguo katika King's Road pamoja na Vivienne Westwood. Cheche nyingine ilitoka New York, kwa kundi la Ramones, ambalo Julai 1976 liliwaonyesha vijana wa London jinsi wimbo wa dakika mbili unavyoweza kutosha.

Wapo wasemao kwamba panki yote ilikuwa hila ya muuza nguo. Twakubali kuwa biashara ilikuwamo. Lakini hila ya muuza nguo haielezi yaliyotokea Manchester, ambako vijana wa kundi la Buzzcocks walikopa pauni 500, wakarekodi nyimbo nne kwa siku moja, na Januari 1977 wakaitoa santuri yao bila kumpigia magoti tajiri yeyote. Mwezi huohuo kijarida kimoja cha mashabiki kilichora namna tatu za kubana nyuzi za gitaa, kisha kikamwambia msomaji aende akaunde bendi. Mchoro huo ndio uliotukosesha usingizi. Kwetu sisi mwanafunzi hukaa miguuni pa mwalimu miaka mingi. Kwao alifunguliwa mlango kabla hajaiva.

Matusi yao hatuyatetei. Wala hatuwasamehe wale waliovaa alama ya Wanazi ili kuwaudhi wazazi wao, kwani mzaha wa namna hiyo huwaumiza wasiohusika. Hata hivyo, Malkia alipoadhimisha miaka 25 ya utawala mwaka 1977, na Sex Pistols wakatoa wimbo uliochukua jina la wimbo wa taifa, BBC ilikataa kuupiga, nao ukapanda hadi nafasi ya pili katika mauzo.

Tena katika klabu ya Roxy, Don Letts, kijana wa London ambaye wazazi wake walitoka Jamaika, alipiga santuri za rege kati ya bendi na bendi, maana santuri za panki zilikuwa bado chache mno. Hivyo watoto wa weupe na wa weusi wakajikuta wakicheza ngoma moja. Tarehe 30 Aprili 1978 makumi ya maelfu walikusanyika Victoria Park kuupinga ubaguzi wa rangi. Steel Pulse walipiga rege, Clash wakapiga panki, na Poly Styrene, binti wa baba Msomali, akaimba na kundi lake la X-Ray Spex.

Sasa tuieleze ile hukumu. Mwaka 1998, tukiwa afisa utamaduni wa wilaya, tuliketi mezani kuamua mashindano ya vikundi vya vijana. Walikuja watatu wenye gitaa la nyuzi nne na pipa la plastiki badala ya ngoma. Wimbo wao ulihusu ushuru wa soko. Hawakuwa na vina, na sauti zao zilipishana. Lakini uwanja mzima ulisimama, na wauza mchicha wakapokea kiitikio. Sisi tulitazama kalamu yetu. Tuliwapa alama 11 katika 50, na kikundi hicho hatukukiona tena.

Karatasi ile bado tunayo. Penye nafasi ya maoni tuliandika kwa wino mwekundu: "Wakajifunze kwanza." Hatukuandika wakajifunze wapi, na katika wilaya ile hapakuwa na hata mwalimu mmoja wa muziki.