Noeli kwa Wasio na Mgeni



Mwaka jana sisi mafrateri wanne wa parokia moja tulifika likizo siku chache kabla ya Noeli. Paroko hakutupa muda wa kupumzika. Baada ya Misa ya asubuhi alitukabidhi karatasi yenye majina ya wazee na wagonjwa wa vigango viwili, akasema tuongozane na katekista tuwatembelee kabla ya mkesha.

Anayeijua Kilimanjaro wakati wa Noeli atacheka. Huko nani mpweke? Desemba watu hupanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, magari hupishana kwa shida kwenye njia za migombani, na mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba akingoja siku yake. Hata sisi tulidhani karatasi ile ni kazi ya asubuhi moja. Tulibeba vifurushi vya sukari, mchele na sabuni vilivyochangwa na jumuiya ndogondogo, na mwenzetu mmoja alishika simu ya kupigia picha.

Kwa bibi wa tano tulifanya kama kwa wanne wa kwanza: shikamoo, sala, kifurushi, picha, kwaheri. Tulipoinuka akauliza, "Wajukuu zangu, mnakwenda kula wapi?" Tukajibu kwamba tuna wengine wa kuwaona. Hakubisha. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, na hapo ndipo tulipoona jambo ambalo hatukuliona tulipoingia: kila gari lilipopunguza mwendo kwenye kona ya chini, aligeuza shingo. Likishapita, anarudi kwenye mazungumzo kana kwamba hakuna kitu. Njiani katekista alitueleza kwamba wanawe wapo na pesa wanatuma, ila ulikuwa mwaka wa tatu hawajapanda.

Tulikuwa tumemwahidi kurudi Jumapili ya Familia Takatifu. Hatukurudi. Tulikuwa na visingizio, lakini ukweli ni kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na nyama na wageni.

Tulikwenda Januari 3, magari yakiwa yameanza kushuka. Bila lawama yoyote alitueleza kwamba Jumapili ile alipika ndizi za watu sita, akaishia kuwaita watoto wa jirani.

Darasani tulikuwa tumemsoma Aristotle juu ya urafiki, vitabu vya 8 na 9 vya Maadili ya Nikomako. Anasema hakuna ambaye angechagua kuishi bila marafiki hata akiwa na mema mengine yote, na anataja methali kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. Kwenye mtihani tuliyaandika vizuri sana. (Kwetu Waswahili chumvi ni umri, na bibi huyu ameila nyingi. Tatizo ni kwamba siku hizi anaila peke yake.)

Safari hii tulikaa. Mmoja aliteka maji, wengine tukamenya ndizi, vibaya, na bibi akatucheka. Tukiwa tunakula akaanza kumuuliza kila mmoja habari za kwao. Akamfikia mwenzetu ambaye mama yake alifariki Agosti. "Na mama yako hajambo?" Yule ndugu akaweka sahani chini akalia. Bibi hakusema neno la dini hata moja. Alimshika mkono, akamwambia, "Haya, niambie alikuwa anapika nini Noeli." Akasimulia mpaka jua likazama.

Sisi tulikwenda kwenye mazishi yale, tukaimba vizuri, tukarudi seminarini. Muhula mzima tulikula naye meza moja na hakuna aliyemuuliza kitu.

Mwaka huu tumemwomba paroko agawe upya majina, kila mmoja wetu apewe wazee wawili tu na asiende na simu ya picha. Bibi ameshachukuliwa. Mwenzetu yule alisema mapema kwamba huyo ni wake, na kwamba Noeli yenyewe atakula kule.