Msasa wa Shilingi 40,000

Hilux ya mjomba ilianza kuchoka kwenye mlima wa Lutindi, moshi mweusi nyuma, sisi tukienda kumwona mgonjwa wetu hospitali. Mara mbili tulishuka tukatembea.

Korogwe, fundi akafungua manifoldi ya kuingizia hewa. Tundu la vidole vitatu limebaki la kimoja! Vali ya EGR hurudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Masizi ya dizeli yakikutana na mvuke wa oili, yanaganda kama lami. Kusafisha, shilingi 60,000.

“Mzee, ongeza 40,000 niipige msasa, ing'ae kama kioo.”

Macho ya mjomba yakawaka. Huyu, bwana, hata viatu vya shamba anavipiga kiwi.

“Mjomba,” nikasema, “mng'aro huo masizi yataufunika tena. Hayo ni ya magari ya mashindano. Hapa turbo inasukuma hewa, mikwaruzo midogo haiisumbui. Hiyo 40,000 nunua pedi za breki. Lutindi kuna kushuka pia.”

Akanuna, lakini akanunua.

Jumamosi tulipanda bila mtu kushuka. Kona ya mwisho akanong'ona, “Lakini ingeng'aa.”