Herufi za Kruszyniany

Jina la Kruszyniany nililikuta maktabani nilipokuwa nikisaka makala kuhusu miswada iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Nilitarajia Lamu, Siyu na Pate, nikajikuta Poland.

Ni kijiji kidogo cha mashambani, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, karibu na mpaka wa Belarus. Mnamo mwaka 1679 Mfalme Jan III Sobieski aliwagawia ardhi hapo askari wa Kitatari, Waislamu waliopigana katika majeshi yake, kwa kuwa hazina ilishindwa kuwalipa mishahara. Msikiti wao ungali umesimama: wa mbao, wenye rangi ya kijani na minara miwili. Mgeni angeudhania kanisa, maana seremala hujenga alivyozoea. Si mbali na hapo, kilimani penye miti, yako makaburi. Baadhi ya mawe yake yamechorwa maandishi ya Kiarabu.

Lililoninasa hasa ni lugha. Watatari hao waliipoteza lugha ya mababu zao, wakawa wasemaji wa Kibelarusi na Kipolandi. Imani hawakuiacha, wala hati. Vitabu vyao vya dini, viitwavyo kitab (jina lisilohitaji tafsiri kwetu), waliviandika kwa lugha za majirani lakini kwa herufi za Kiarabu. Na herufi ziliposhindwa kubeba sauti za lugha hizo, wakaongeza nukta. Waandishi wa tenzi zetu waliijua adha hiyo, kwani Kiarabu hakina p wala ch.

Kwetu mambo yamegeuka. Lugha tunayo, hati ndiyo imetuponyoka. Marehemu babu yangu aliacha daftari la tungo alizoziandika kwa mkono wake. Mimi, ninayeandaa tasnifu kuhusu ushairi wa Kiswahili, humaliza asubuhi nzima juu ya ubeti mmoja, nikibahatisha iwapo neno lililo mbele yangu ni bata, pata au mbata, maana babu aliyaandika yote kwa ba ile ile. Yeye hakuhitaji nukta za ziada. Aliyajua mashairi yake.

Palikuwa na mzee mmoja mtaani petu aliyeahidi kunisomea daftari hilo likizo ikifika. Alifariki wiki mbili kabla ya likizo. Nimefika ubeti wa kumi na mbili.