Runzewe: Bastola ya Mirambo na Bahasha ya Kiwanja

Kama hujawahi kufika Runzewe, usitegemee ufukwe wala hoteli yenye bwawa la kuogelea. Ni mji wa njia panda wilayani Bukombe, eneo lililokuwa chini ya Shinyanga mpaka mkoa wa Geita ulipozaliwa mwaka 2012. Malori ya Rwanda na Burundi yananguruma usiku kucha, wachimbaji wa dhahabu wanashuka na mabegi yao, na asali inauzwa kwenye chupa za maji. Sasa utauliza, mke na mume kutoka Dar walifuata nini huko? Bastola.

Ngoja nieleze kabla hujapiga simu polisi. Mume wangu ana ugonjwa wa bastola za karne ya 19, zile za silinda inayozunguka ambazo Samuel Colt alizipatia hataza Marekani mwaka 1836. Unafyatua risasi tano au sita bila kujaza upya, wakati mwenye gobore bado anashindilia baruti. Hana hata moja. Anakusanya picha na katalogi za minada tu. Mwaka 2018 Colt aina ya Walker, bastola ambazo zilitengenezwa kama 1,100 tu mwaka 1847, iliuzwa dola milioni 1.84. Aliniamsha usiku wa manane kunipa habari hiyo.

Na huku kwetu? Aprili 1876 Henry Stanley alikutana na Mtemi Mirambo katika kijiji kikubwa alichokiandika Serombo. Kitamke taratibu, utaisikia Ushirombo, makao makuu ya Bukombe, ambayo basi linaipita ukitoka Kahama kuja Runzewe. Stanley alitegemea kukutana na jambazi. Akakuta mtu mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Wakachanjiana udugu, chale kwenye mguu wa kulia. Kisha Stanley akampa zawadi: bastola ya silinda na risasi 200. Mirambo naye hakukubali kushindwa kwa ukarimu, akaagiza apewe ng'ombe wa maziwa na ndama wao, na madume juu.

Mirambo alifariki mwaka 1884. Bastola je? Hapo ndipo mume wangu anapokosa usingizi.

Jioni ya kwanza, tukiwa tunakula ugali wa muhogo na samaki karibu na gesti yetu, jamaa mmoja akavuta kiti. Sijui nani alimwambia. "Kaka, ninayo ile ya Mirambo mwenyewe." Akatoa simu, akaonyesha picha ya chuma chenye kutu. Milioni moja na nusu, nusu tuitoe pale pale, mzigo tuletewe usiku.

Nikamwona mume wangu anashika mfuko wa shati. Humo mlikuwa na bahasha ya kiwanja chetu, malipo ya mwisho, ambayo tungeipeleka Mwanza kesho yake. Miaka miwili tumejinyima kwa ajili ya ile bahasha. Moyo wangu ulishuka, jamani.

Ningeweza kuwaka. Badala yake nikauliza, "Shemeji, Colt ina namba kwenye fremu, kwenye mtutu na kwenye silinda, na zinatakiwa zifanane. Tupigie picha za namba." Mihadhara ya usiku wa manane! Jamaa akasema zimeliwa na kutu. Nikaendelea: na kibali cha polisi? Kumiliki silaha bila leseni ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2015, na kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinaingia kwenye sheria ya mambo ya kale. Shemeji akakumbuka ana mgeni stendi.

Hatukuongea mpaka taa zikazimwa. Halafu sauti gizani: "Kumbe ulikuwa unasikiliza." Nikamwambia nilisikiliza yote, hata ya ile Walker, ila nilijifanya nimelala.

Asubuhi tulishuka Ushirombo. Hakuna kibao kinachosema hapa wawili walichanjiana. Kuna maduka, bodaboda, na mama anayeuza michembe. Mume wangu alisimama muda mrefu akiangalia barabara. Kisha akatoa bahasha, akaniwekea mkobani, akaomba elfu kumi ya asali.